Mwalimu Aliyekalia Mpira

Kosa langu la kwanza nikiwa kocha msaidizi lilikuwa beseni la maji ya moto. Mtoto alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, kimevimba kama andazi, nami nikafanya ambacho karibu kila nyumba ya Mwanza ingefanya: nikaagiza maji yanayofuka na kitambaa, nikaanza kumkanda na kumchua huku wenzake wamemshika mikono asirukeruke. Nilikanda kwa nguvu zote. Mimi nikishika jambo nataka lifanyike sawasawa, na mayowe ya mtoto niliyaona kama dalili kwamba dawa inaingia. Mwalimu akaja kutoka upande wa pili wa uwanja, akatazama kidogo, kisha akalipiga beseni teke.

"Unampika?" akaniuliza.

"Nakanda, Mwalimu. Ameteguka."

"Naona. Na chumvi umeshatia?"

Watoto wakacheka, hata yule aliyeumia akacheka na machozi yake. Mimi sikucheka. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimelowa suruali, na usoni nilihisi joto kuliko lile la maji. Nilidhani amenifukuza. Kesho yake nilipokosa kwenda, alimtuma mtoto aje aniulize kama nimeteguka na mimi.

Tulimwita Mwalimu, basi. Asubuhi alifundisha shule ya msingi mjini, na jioni alifundisha timu ya watoto wa mtaa wetu kule Mirongo, wavulana kwa wasichana, mpira wa miguu na wa pete, kwenye uwanja wa changarawe uliozungukwa na majabali. Alikozaliwa na ukoo wake sivijui, na sikujaribu kuvitafuta ili niandike haya. Ninachokijua ni alivyosimama: mguu mmoja mbele, mikono nyuma, filimbi mdomoni hata wakati hapulizi, akiwatazama watoto kuanzia chini kwenda juu. Watu wengine humtazama mtoto usoni kwanza. Yeye alianza na miguu.

Alikuwa na kanuni moja, na ndiyo iliyompotezea timu, kwa hiyo niiseme mapema. Mtoto aliyeumia hachezi. Hachezi kwa sababu ni fainali, hachezi kwa sababu yeye ndiye mfungaji, hachezi kwa sababu mwenyewe analia aruhusiwe. Atacheza akipona. Wapo watu mtaani kwetu ambao hadi leo wanasema mwanamke yule alidekeza watoto wao na kutunyima kombe. Naandika haya wayasome na wao.

Kilichochukua nafasi ya beseni langu kilikuwa barafu. Lazima nieleze barafu ile ilitoka wapi, maana friji hatukuwa nazo. Ilikuwa miaka ya soko huria, wanunuzi wa sangara wamejaa mialoni, kule ufukweni samaki wanakoshushwa, viwanda vya minofu vinafunguliwa, na kila siku malori yanapita yamebeba samaki waliolazwa kwenye barafu ya kusagwa. Mfadhili wa timu yetu alikuwa mmoja wa wanunuzi hao. Tulimwita Bosi. Alitununulia jezi, na Mwalimu, badala ya kumshukuru kwa jezi, alimwambia kwamba anachokitaka hasa ni ndoo ya barafu kila siku ya mechi.

"Barafu ya nini, Mwalimu? Watoto wanywe juisi?"

"Ya miguu."

Bosi alicheka mpaka akaegemea lori, lakini barafu ilikuja. Mwalimu aliifunga kwenye kipande cha khanga, hakuiweka kwenye ngozi moja kwa moja, akaiacha kidogo, akaitoa, akairudisha, na mguu wa mtoto akaupandisha juu ya jiwe. Kuchua alikataza kabisa. Kikwazo kilikuwa harufu. Mtoto aliyetibiwa kwa barafu ile alirudi nyumbani ananuka sangara, na paka wa mtaa walimfuata mpaka mlangoni. Mama mmoja alikuja uwanjani amekasirika. "Mwalimu, mimi nilimruhusu mwanangu aje mpirani. Nyie mmempeleka mwaloni?"

"Mama, mguu wake umevimba?"

"Haujavimba."

"Basi mwogeshe mwanao."

Nisije nikamfanya mtakatifu. Kabla ya barafu ya Bosi alikuwa na dawa nyingine, nayo ilikuwa ziwa. Aliwapeleka watoto waliovimba miguu wakasimame majini, magoti ndani, kwenye vichaka vya ufukweni ambako maji yametulia. Mganga wa zahanati alipopita akawaona, akamwambia mbele ya watoto kwamba anawatoa kwenye uvimbe anawatia kwenye kichocho. Walibishana hapo ufukweni watu wakajaa. Mwalimu alisema amekulia kandokando ya ziwa hili na hajawahi kukojoa damu. Mganga akasema hilo si jibu. Na kweli halikuwa jibu. Hakuwapeleka watoto ziwani tena, lakini kusema kwamba mganga alikuwa sahihi, hapana. Ukimkumbusha alikutuma ukachukue koni upande wa pili wa uwanja.

Neno alilolichukia kuliko yote lilikuwa "jikaze." Uwanja wetu ulikuwa na watazamaji wa jioni, wazee wa kazi zilizokwisha, vijana wasio na kazi, na wote kazi yao ilikuwa moja. Mtoto akianguka: jikaze! Akishika goti: jikaze, wewe mwanaume! Akilia: unalia nini, jikaze! Mwalimu alipolichoka alipiga filimbi katikati ya mazoezi, akavuka uwanja mpaka kwa mzee mmoja aliyekuwa na sauti kuliko wengine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu."

"Naomba utusaidie. Zunguka uwanja mara moja tu, watoto waone mtu anavyojikaza."

"Mimi? Kwa umri huu? Na mgongo huu?"

"Mgongo una nini?"

"Unauma, mwanangu."

"Kumbe unajua kuumwa," akasema, akarudi kwa watoto. Mzee yule hakuacha kuja, lakini tangu hapo alishangilia kwa makofi tu.

Hata hivyo mtoto mvivu hakupata huruma yoyote kwake. Tulikuwa na pacha mmoja, Kulwa, aliyechechemea kila tulipotaka kukimbia mbio ndefu. Mwalimu hakumwuliza kitu. Alimrushia mpira ghafla, akatazama anaupiga kwa mguu gani.

"Kulwa, leo umeumia upi?"

"Wa kulia, Mwalimu."

"Ndio uliopigia."

"Umepona sasa hivi, Mwalimu."

"Mungu mkubwa. Haya, tangulia mbele ya wenzako."

Kwa hiyo hakuwa akimwamini kila anayechechemea. Alikuwa akitazama. Kuna mtoto anayesema anaumwa na hatembei tofauti, na kuna mtoto anayesema haumwi kitu na kila akishuka ngazi anashika ukuta. Huyo wa pili ndiye aliyemtia wasiwasi. "Mvivu hatajiumiza," aliniambia. "Mimi namwogopa anayependa mpira."

Aliposema hivyo alikuwa ananitazama mimi, na alikuwa na sababu. Ukocha nilijifundisha mwenyewe. Nilikuwa na kitabu cha mazoezi kilichochanika jalada, nilichokiokota kwenye rundo la mitumba, kimeandikwa kwa ajili ya watu wazima, nadhani askari. Nilikisoma nikakihifadhi. Nikatengeneza ratiba ya watoto wetu: kila siku, bila siku ya kupumzika, kupanda majabali mbio, kushuka mbio, kuruka kwa mguu mmoja, kupanda tena. Kama mtoto mmoja alikosea hatua, wote tulianza upya. Usiku nililala nikiwaza nani hakukunja goti vizuri. Niliamini kwamba tukiacha siku moja tu, kila kitu kitaanguka, na lawama itakuwa yangu.

Mwalimu aliniachia uwanja kwa muda kwa sababu alikuwa na mitihani ya shule. Aliporudi akakaa juu ya jiwe, akawatazama watoto wakiingia.

"Umeona wanavyotembea?"

"Vizuri, Mwalimu. Wana pumzi sasa."

"Tazama visigino."

Nikatazama. Watoto kadhaa walikuwa wanakanyaga kwa vidole, kama watu wanaovuka sebule iliyopigwa deki. Visigino vilikuwa vinawauma. Wengine walikuwa na maumivu kwenye ugoko, na mmoja alikuwa na kinundu chini ya goti ambacho bibi yake alitaka kukichanja chale kwa sababu alidhani ametupiwa kitu na wapinzani. Wote walikuwa wamenyamaza. Mimi niliwafundisha kunyamaza.

Alinieleza bila kupaza sauti, na kwa mtu aliyezoea kupaza sauti hilo lilinitisha zaidi. Mfupa wa mtoto haujamaliza kujengwa, alisema. Kwenye ncha zake ndipo unapokua, na hapo ni laini. Misuli inavuta hapohapo kila anapokimbia na kuruka. Ukimpumzisha panajirudi. Usipompumzisha panachubuka kwa ndani. "Wewe unapitisha lori kabla zege halijashika."

"Kwa hiyo nimewaharibu?"

"Hujawaharibu. Umewachosha. Wapumzishe."

"Mpaka lini?"

"Unaona? Hata kupumzika unataka ratiba. Wewe nawe unaumwa, ila huna pa kufunga barafu."

Kwa yule bibi wa chale alikwenda mwenyewe. Nilimfuata nikidhani nitasikia mabishano makubwa kuliko yale ya ziwani. Alimwamkia, akanywa uji wake, akasema, "Mama, mchanje kama moyo wako unavyokutuma, wembe uwe mpya. Ila akishachanjwa asikimbie mpaka mvua zianze." Bibi akakubali. Dawa yenye mwiko anaitilia shaka nani? Mtoto akapumzika, goti likatulia, na bibi akawaambia watu kwamba chale zake zimefanya kazi. Nilikasirika. Mwalimu akaniuliza kama nilikuwa namtaka mtoto apone au nilikuwa nataka kushinda.

Alikosea pia, tena kosa la wazi. Mlinda mlango wetu, Shija, alianguka akajizuia kwa mkono. Mwalimu aliushika, akaugeuza, akasema ameteguka, akafunga barafu. Jioni ile Shija hakuweza kushika tonge la ugali. Baba yake alimpeleka hospitali, mkono ukaonekana umevunjika karibu na kiganja, pale pale mfupa unapokua, akafungwa plasta. Mwalimu alipopata habari alikwenda kwao nikiwa naye. Baba alikuwa mlangoni, amekunja uso.

"Nilikosea," Mwalimu alisema kabla hajakaribishwa. "Nilimwambia ameteguka, kumbe amevunjika. Nilipaswa kumpeleka hospitali mwenyewe."

Baba hakuwa amejiandaa kwa hilo. Papo hapo Mwalimu akamwona Shija akipita nyuma ya nyumba na ndoo ya maji kwa ule mkono mzima, na ugomvi ukaanza, sasa Mwalimu ndiye mwenye madai: mtoto aliyevunjika anabebeshwaje maji? Tangu siku ile hakuna mkono uliovimba karibu na kiungo uliopita kwake bila kwenda hospitali, hata wazazi walipolalamika kwamba siku hizi matibabu ya bure yamekwisha. "Nendeni mkawalalamikie waliofuta," alisema. "Mfupa haujui siasa."

Goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Lililia kama mlango kila alipochuchumaa. Alitukataza sote kucheza na maumivu, na yeye mwenyewe alirukaruka nalo kuonyesha wasichana namna ya kudaka mpira wa pete, kisha akashika nguzo na kukunja uso alipodhani hatumwoni. Mimi nilikuwa nimeshamtungia historia: zamani alikuwa nyota, kocha mkatili akamlazimisha kucheza, ndipo akaapa. Siku moja nikajipa moyo nikamwuliza.

"Goti? Niliteleza nikiteremka kwenye lori la mahindi."

"Si mpirani?"

"Lori la mahindi. Usinitafutie hadithi, kijana."

Sasa niseme habari ya Busisi.

Lilikuwa kombe la watoto, timu za huku mjini na za ng'ambo ya ziwa, na Bosi ndiye aliyelitoa. Tulifika fainali. Ilichezwa ng'ambo, Busisi, juu kidogo ya gati, kwa sababu Bosi alikuwa na wageni wake upande ule, watu aliotaka kufanya nao biashara. Tulivuka na kivuko tukiwa juu ya lori la samaki lililosafishwa, watoto wanaimba, na nahodha wetu Masalu amekaa pembeni amekumbatia mpira. Ulikuwa mpira wa Mwalimu, alioununua mwenyewe, kwa sababu ule wa mashindano ulikuwa umepasuka kwenye nusu fainali. Masalu alikuwa darasa la sita. Mabao yetu mengi yalikuwa yake.

Kipindi cha pili tulikuwa sawa kwa sawa, na wachezaji wetu wa akiba walikuwa wameshaingia wote. Ikapigwa kona. Masalu akaruka, beki wao akaruka, vichwa vikagongana. Sauti ya mgongano ilifika mpaka kwetu. Beki alikaa chini akilia. Masalu alilala kimya, halafu akaamka, akajifuta vumbi, akacheka. Lile cheko lilitufurahisha wote isipokuwa mtu mmoja.

"Mwagieni maji!" watu wakapiga kelele, na watu wa kumwaga maji hawakukosekana. Ndivyo ilivyo viwanja vyote ninavyovijua: mtoto akigongwa kichwa anamwagiwa maji utosini, anapigwa makofi mgongoni, anarudishwa. Mwalimu alipita katikati yao, akamshika Masalu mashavu.

"Masalu. Tumekuja hapa na nini?"

"Tumekuja... kwa miguu."

Watu wakaangua kicheko. Kutoka Mirongo mpaka Busisi kwa miguu, juu ya maji!

"Nani anaongoza?"

Masalu aliwageukia watazamaji, akawapitia nyuso mmoja mmoja, kama mtoto anayetafuta jibu kwenye daftari la jirani. Nilikuwa karibu nao, nililiona jicho lile. Na hapa nakiri: pamoja na kuliona, nilitaka arudi. Nilishaanza kuhesabu kichwani nani atampigia krosi.

"Anatoka," Mwalimu akasema. "Mvue viatu."

Aliniambia mimi. Nilipiga magoti nikaanza kulegeza kamba. Bosi akafika, jasho linamtoka, wageni wake wako nyuma yake.

"Mwalimu, hebu subiri. Mtoto yuko mzima, anacheka."

"Hajui alipo, Bosi."

"Atajua akikimbia! Nimeleta watu hapa. Hatuna mtu wa kuingia. Unataka tucheze pungufu?"

"Ndiyo."

"Kwa dakika hizi chache tu zilizobaki?"

"Akigongwa tena katika hizo chache utamwambia nini mama yake?"

"Usinitajie mama yake! Jezi alizovaa nani kanunua?"

"Jezi chukua. Kichwa hukukinunua."

Mjumbe mmoja wa kamati ya timu akamshika Masalu mkono, akamsukuma taratibu kuelekea uwanjani, na Masalu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi mwangu, akakimbia. Hakulazimishwa sana. Alipenda mpira. Refa, ambaye hakutaka maneno na mtu yeyote, aliashiria mchezo uendelee.

Mwalimu hakubishana tena. Aliingia uwanjani akichechemea na goti lake, akaufuata mpira ulipokuwa umewekwa kwa ajili ya kona ya pili, akauokota, akatembea nao mpaka katikati, akaukalia. Mwanamke mtu mzima, amevaa kitenge na raba, amekaa juu ya mpira katikati ya uwanja.

Refa akapiga filimbi. Naye akaitoa yake mdomoni, akaiweka mapajani.

"Mama, tunaomba utoke."

"Nitoke niende wapi? Nimekaa juu ya mali yangu. Leteni mpira wenu mcheze."

Mwingine haukuwepo. Watu wakazomea. Wa Busisi walizomea kwa raha, wa kwetu walizomea kwa hasira, na wa kwetu ndio waliozidi. Mmoja aliyevuka nasi alimwita mchawi. Alikaa. Wakamtishia polisi. Akasema polisi wakija waje na mpira. Masalu akaja mwenyewe, akachuchumaa mbele yake, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kwani mechi imeanza?" Mwalimu akamvuta akamkalisha chini kando yake. Refa akatazama saa, akatazama watu, akatoa ushindi kwa timu ya ng'ambo.

Kwenye kivuko hakuna aliyeimba. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya sinia, na Masalu akatapika, akatapika tena, akalala kichwa mapajani pa Mwalimu huku yeye akimwamsha kila mara na kumwuliza majina ya ndugu zake. Mtu mmoja akasema ni mawimbi. Wengine wakaafiki: mawimbi, ndiyo, mtoto hajazoea mawimbi. Tuliposhuka upande wa pili Mwalimu alikwenda naye hospitali moja kwa moja. Walimlaza wakamwangalia. Alipona. Alikaa nje ya uwanja mpaka daktari aliporidhika, na Mwalimu alimwongezea muda mwingine juu ya ule wa daktari.

Kamati ilikaa bila yeye. Jezi zilirudi kwa Bosi, barafu ikakatika, na wakasema timu inahitaji mwanaume mwenye roho ngumu. Kisha wakanichagua mimi, mtu ambaye usiku hapati usingizi kwa sababu ya kona iliyopigwa vibaya! Nilikwenda kwa Mwalimu nikiwa nimeshaandaa maneno ya kukataa, maneno mazuri, ya heshima. Hakuniacha nimalize.

"Chukua."

"Siwezi, Mwalimu. Ni timu yako."

"Ukikataa watampa mtu wa jikaze. Chukua, na usijifanye unanionea huruma."

Nikachukua. Barafu nilikwenda kuiomba mwenyewe mwaloni, kwa akina mama wanaokaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani, na waliponiuliza ni ya nini nikawaambia ni ya miguu, nao wakacheka kama alivyocheka Bosi, wakanipa. Watazamaji wa jioni walinong'ona juu yangu. Kila nilipomtoa mtoto aliyeumia walisema, huyo, kafundishwa na yule mama. Walidhani ni tusi.

Mara ya mwisho nilimwona Buswelu, alikohamia alipostaafu. Nilimkuta nje ya nyumba yake isiyopigwa lipu, amepandisha mguu juu ya kigoda, goti limejaa kama boga. Daktari alimwambia apumzike. Pembeni yake palikuwa na jembe lenye udongo mbichi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Usitazame jembe."

"Daktari alisema nini?"

"Alisema mengi. Keti."

Nilikuwa nimekwenda na jambo. Timu za mitaa zilikuwa zinaanzisha ligi ya watoto, nami nilichaguliwa kuandaa kanuni. Nilitaka kanuni ya kichwa iwemo: mtoto akigongwa, refa anamtoa, kocha haulizwi, mfadhili haulizwi, na timu yake inaruhusiwa kuingiza mwingine hata kama akiba imekwisha. Na nilitaka iitwe kwa jina lake. Aliposikia hilo la jina aliushusha mguu.

"Jina langu litoe. Watu wakinichukia mimi wataichukia na kanuni."

"Lakini ni yako."

"Ni ya kichwa cha mtoto. Litoe."

Nikasema nitalitoa. Akanitazama, safari hii akianzia usoni.

"Na kama ni fainali?"

"Anatoka."

"Na kama mfadhili amekaa pale mbele na wageni wake?"

"Anatoka."

"Na kama mtoto mwenyewe anakulilia, anakushika miguu?"

"Anatoka, Mwalimu."

"Na kama ni mwanao?"

"Sina mtoto."

"Basi bado hujaulizwa swali," akasema, akaniomba nimsogezee lile jembe. Nilikataa. Tulibishana juu ya jembe mpaka jua likageuka, na nilipoondoka nililibeba na kuliacha kwa jirani. Nasikia alilifuata.

Siku hizi kanuni ile ipo katika ligi yetu, haina jina la mtu, na marefa wanaifuata. Bosi ni mfadhili wa timu nyingine, naye hufunga mdomo mtoto anapotolewa. Mara ya kwanza kutumika ilitumika kwa mfungaji wangu mwenyewe, na tukafungwa.

Usiku ule nililala usingizi.